Zaidi ya Miguu: Mifumo Miwili ya Fahamu kwa Aliyeumia Uti wa Mgongo

Kihamba cha Mchagga hupandwa kwa ghorofa. Chini kabisa kuna magimbi na maharage. Juu yake kahawa. Juu ya kahawa migomba. Na juu ya yote husimama miti mirefu ya kivuli, mbao na matunda: migrevilea, miparachichi, misesewe. Kwa kuwa ardhi ya malisho ni finyu kuanzia Machame hadi Rombo, ng'ombe hufugwa zizini na chakula hupelekewa humo. Sehemu ya chakula hicho hutoka juu mtini. Mtu hupanda na panga lake, hukata matawi ya malisho, hupunguza kivuli kilichozidi juu ya kahawa, huangua parachichi za sokoni. Mvua ikinyesha na gome likalowa hupanda vilevile, kwa maana ng'ombe hangoji jua.

Baadhi ya hao huanguka. Majalada ya watu waliolazwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa kuumia uti wa mgongo kati ya 2010 na 2014 yalichambuliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Chanzo kilichoongoza kilikuwa kuanguka. Ajali za barabarani, bodaboda zikiwamo, zilifuata. Wengi walikuwa wanaume walio katika umri wa kufanya kazi.

Swali la kwanza la ndugu wanaosimama kando ya kitanda ni moja: atatembea tena? Ni swali la haki, kwani miguu ndiyo inayoonekana. Hata hivyo, kinachofupisha maisha ya watu walioumia uti wa mgongo kwa kawaida si miguu iliyopooza. Ni maambukizi ya mapafu, ni figo zinazoharibika polepole kwa sababu ya kibofu, ni vidonda vya mgandamizo, na mara nyingine ni shinikizo la damu linalopanda ghafla mchana mmoja nyumbani. Ili kuelewa kwa nini, sharti kutambua kwamba aliyeanguka ameumia mifumo miwili ya fahamu kwa pamoja, na kwamba wa pili hauonekani kwa macho.

Amri zinazosikika na zisizosikika

Ndani ya mfereji wa pingili za uti wa mgongo hupita ugwe, kamba laini ya neva yenye unene wa kidole kidogo cha mkono. Katika mazungumzo ya kila siku vitu hivi viwili hupewa jina moja, na utata huanzia hapo: pingili inaweza kuvunjika ugwe usiguswe, na ugwe unaweza kubanwa au kuvia damu ilhali picha ya eksirei haionyeshi mfupa wowote uliovunjika. Ugwe ndio njia ya taarifa zote kati ya ubongo na sehemu kubwa ya mwili ulio chini ya kichwa.

Taarifa hizo ni za namna mbili. Za kwanza ni za mfumo wa hiari, ambao wataalamu huuita somatiki. Mtu anapotaka kushika tawi, amri hushuka kutoka ubongoni hadi kwenye ugwe, na kutoka hapo neva moja tu huifikisha moja kwa moja kwenye msuli. Kwa njia hiyohiyo, kuelekea juu, hurudi habari za ngozi na viungo: gome lina ukwaruzo, goti limekunjwa, unyayo unateleza.

Za pili ni za mfumo unaojiendesha. Mtaalamu wa fiziolojia wa Cambridge, John Newport Langley, aliupa jina la otonomiki mwaka 1898. Mfumo huu haungoji kuamriwa. Huongoza moyo, mishipa ya damu, utumbo, kibofu, tezi za jasho, mboni ya jicho na viungo vya uzazi, usiku na mchana, bila mwenye mwili kujua. Hapa amri haiendi moja kwa moja. Hupokezanwa na neva mbili zinazokutana katika vituo vidogo vilivyo nje ya ugwe. Nao una matawi mawili. Simpathetiki huuandaa mwili kwa jitihada na hatari: moyo huenda mbio, mishipa ya damu hujibana, shinikizo hupanda, jasho hutoka. Parasimpathetiki hushughulikia utulivu: hupunguza mapigo ya moyo, husukuma chakula tumboni, hutoa mkojo na kinyesi kwa wakati wake.

Neva nyingi za simpathetiki humwaga kwenye mishipa ya damu kemikali iitwayo noradrenalini. Kwa wakazi wa Kilimanjaro si vibaya kujua kwamba msesewe, ambao gome lake huitia mbege uchungu, ni wa jamii moja na mmea wa India uliotoa reserpini mwaka 1952. Dawa hiyo ilishusha shinikizo la damu kwa kumaliza akiba ya noradrenalini katika neva hizo. Ufanano huo wa kibotania haumpi mtu ruhusa ya kutibu shinikizo kwa mbege.

Kinachotakiwa kukumbukwa zaidi ni milango ambayo matawi hayo mawili hutokea. Neva za simpathetiki hutoka kwenye ugwe kuanzia usawa wa kifua cha juu hadi kiuno cha juu, na si mahali pengine. Za parasimpathetiki hutoka mahali pawili palipo mbali: kwenye shina la ubongo, na kwenye ncha ya chini kabisa ya ugwe inayohudumia nyonga. Neva kuu ya parasimpathetiki, vagasi, hutoka fuvuni na kushuka hadi moyoni na tumboni bila kupita ndani ya ugwe. Kwa hiyo shingo ikivunjika na ugwe ukakatika, ubongo hupoteza uwezo wa kuitawala simpathetiki yote, lakini vagasi hubaki mzima akifanya kazi yake peke yake, bila mwenzake wa kumpinga.

Pumzi iko mpakani mwa mifumo hii. Mgumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyojiita, akifika na mzigo kwenye kituo cha Kibo, kwenye kimo cha mita 4,700 hivi, hupumua kwa kasi bila kufikiri, kwa kuwa shina la ubongo limekwisha kupata habari kwamba oksijeni ni haba. Akitaka, anaweza kuizuia pumzi hiyo kwa hiari kwa muda. Lakini diaframu, ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, ni msuli wa hiari, na neva zake hutoka shingoni, usawa wa tatu hadi wa tano. Jeraha lililo juu ya hapo huzima pumzi palepale. Lililo chini yake kidogo huiacha diaframu ikifanya kazi peke yake, misuli ya mbavu na ya tumbo ikiwa imelala. Mgonjwa hupumua, ila hawezi kukohoa kwa nguvu, na makohozi yasiyotoka huzaa homa ya mapafu.

Saa za kwanza

Aliyeanguka na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo, au ganzi ya miguu, asiinuliwe kwa kwapa wala kukunjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, wala kupakiwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Ahamishwe na watu kadhaa kwa pamoja, mwili mzima ukigeuzwa kama gogo, kichwa kikishikwa kwenye mstari wa kiwiliwili, na alazwe juu ya ubao au mlango ulio bapa. Ugwe uliochubuka tu unaweza kukatika kwa safari mbaya.

Akifika kituoni, mhudumu anaweza kukuta jambo la kushangaza. Shinikizo la damu liko chini, lakini moyo, badala ya kwenda mbio, unapiga taratibu. Ngozi ya miguu ni kavu na ina joto. Huo ni mshtuko wa kineva. Mishipa ya damu imelegea kwa kukosa amri ya simpathetiki, na vagasi anaushika moyo bila mpinzani. Aliyepoteza damu huwa kinyume: mapigo ya kasi, ngozi baridi yenye jasho. Hata hivyo, katika mtu aliyeanguka kutoka juu, damu inayovuja ndiyo itafutwe kwanza, hata kama moyo unapiga taratibu, kwa sababu tumbo lisilo na hisia halilalamiki bandama ikipasuka. Alazwe chali, apewe maji ya mshipani kwa kiasi, kwani kumjaza kupita kiasi huyazamisha mapafu. Na atropini iwe karibu, hasa wakati wa kufyonza makohozi kooni, kitendo ambacho kwa mwenye jeraha la shingo kinaweza kuusimamisha moyo.

Kwa siku au wiki kadhaa ugwe ulio chini ya jeraha huwa umezimika. Kisha siku moja mguu unaruka wenyewe. Familia hushangilia, jirani huitwa, na mara nyingine mgonjwa huacha kufanyiwa mazoezi kwa kuwa uponyaji umeonekana. Mhudumu anawajibika kueleza mapema, kwa upole, kwamba mruko huo ni wa ugwe wenyewe unaojibu bila kuuliza ubongo. Dalili ya matumaini ni nyingine: kidole cha mguu kinachosogea pale mgonjwa anapokitaka kisogee, au hisia inayorejea pembezoni mwa njia ya haja kubwa. Hizo ziandikwe kwenye jalada.

Kibofu

Hakuna kiungo kinachoonyesha ushirika wa mifumo miwili kama kibofu cha mkojo. Wakati wa kuweka akiba, simpathetiki hukilegeza kibofu na kuikaza shingo yake. Wakati wa kutoa, parasimpathetiki hukikaza kibofu. Mlango wa nje ni msuli wa hiari. Ndio unaomwezesha mtu kuvumilia ndani ya basi la Arusha mpaka lifike stendi. Shina la ubongo huhakikisha kwamba kibofu kinapojikaza mlango unalegea.

Jeraha likiwa juu ya ncha ya ugwe, maelewano hayo huvunjika. Kibofu hujikaza, na mlango nao hujikaza. Mkojo usio na pa kutokea hurudi juu na kuzigandamiza figo, bila maumivu, miezi nenda miaka rudi. Jeraha likiwa kwenye ncha yenyewe, kibofu hulegea kama kiriba na kufurika; nguo huwa mbichi kila saa, na ndugu hudhani kibofu kinatoa vizuri kumbe kimejaa hadi kitovuni. Mkojo unaovuja haupaswi kumtuliza muuguzi kabla hajapapasa tumbo la chini.

Tiba iliyobadilisha maisha ya wagonjwa hawa ni rahisi: kukitoa kibofu kwa mpira wa mkojo kila baada ya saa nne hadi sita, kisha kuuondoa, ili kisijae zaidi ya nusu lita hivi. Mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa Marekani, alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kufanya hivyo mwenyewe kwa usafi wa kawaida wa mikono na vifaa, bila masharti ya chumba cha upasuaji. Mwenye mikono inayofanya kazi anaweza kujifunza ndani ya siku chache. Vikwazo ni vya namna nyingine: bei ya mipira, choo kilicho mbali kwenye mteremko, na aibu. Wengine huamua kunywa maji kidogo ili wasilowane, na hapo ndipo mawe na maambukizi yanapoanza. Wengine hubaki na mpira wa kudumu. Huo nao una taratibu zake: ubadilishwe kwa wakati, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, na mrija usikunjike. Mrija uliokunjika ndio mwanzo wa hatari inayofuata.

Kichwa kinapogonga

Mwaka 1947 Ludwig Guttmann na David Whitteridge walieleza walichokiona katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ambako Guttmann alikuwa amefungua kitengo cha walioumia uti wa mgongo mwaka 1944. Kibofu cha mtu aliyeumia ugwe sehemu za juu kilipojaa, shinikizo lake la damu lilipanda kwa kasi kubwa. Hali hiyo leo huitwa disrefleksia ya otonomiki. Huwapata zaidi wenye jeraha kuanzia usawa wa sita wa kifua kwenda juu, karibu na ncha ya chini ya mfupa wa kidari, na kwa kawaida huanza baada ya ule muda wa kuzimika kwa ugwe kupita. Mgonjwa huwa ameshatoka hospitali, yuko nyumbani Kibosho au Mwika.

Mwendo wake ni huu. Kibofu kimejaa, au haja kubwa imekauka ndani, au ukucha umeota nyamani. Mgonjwa hasikii maumivu, lakini habari huingia kwenye ugwe na kuwasha simpathetiki yote iliyo chini ya jeraha. Mishipa ya damu ya tumbo na miguu hujibana, shinikizo hupanda. Ubongo huliona na kutuma amri ya kulegeza, ila amri hiyo hukwama kwenye jeraha. Kinachobaki mkononi mwake ni vagasi, anayepunguza mapigo ya moyo, na mishipa ya uso na shingo, inayofunguka. Ndiyo maana mgonjwa huwa na kichwa kinachogonga, uso mwekundu au wenye moto, jasho jingi kuanzia kifuani kwenda juu na pua iliyoziba, huku miguu ikiwa baridi na vinyweleo vimesimama. Asipotibiwa anaweza kupata degedege au kupasuka mshipa wa ubongo.

Kosa linalowezekana zahanati ni la hesabu. Mtu mwenye jeraha la juu huwa na shinikizo la kawaida la chini, namba ya juu ikiwa 90 hadi 110. Akipimwa na kukutwa 140, karatasi itasema amepanda kidogo tu. Kwake yeye huo ni mpando wa 30 hadi 50, na kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake kunatosha kuwa dharura. Kosa la pili ni kumlaza ili apumzike. Kulala hupandisha shinikizo hilo zaidi.

Aketishwe wima mara moja, miguu ikining'inia. Mikanda na nguo zinazobana zilegezwe. Kisha kisababishi kitafutwe, kibofu kikiwa cha kwanza. Mrija unyooshwe, mfuko uliojaa umwagwe. Mpira ulioziba usafishwe kwa maji kidogo au ubadilishwe. Asiye na mpira awekewe, kwa jeli ya lidokaini, kwa sababu hata kuuingiza kwaweza kuzidisha msisimko. Kibofu kikiwa sawa, njia ya haja kubwa ikaguliwe, nayo kwa jeli ya ganzi na kwa subira ya dakika chache. Baadaye ngozi, kucha, kidonda, mshono wa suruali uliokunjamana chini ya paja. Shinikizo lipimwe kila baada ya dakika mbili hadi tano. Dawa ya kushusha haraka, kama nifedipini ya muda mfupi, hutolewa namba ya juu ikibaki 150 au zaidi na kisababishi hakijapatikana, tena kwa tahadhari: kisababishi kikiondoka dawa ikiwa bado mwilini, shinikizo huporomoka. Mara nyingi kunyoosha mrija uliokunjika humaliza kila kitu ndani ya dakika chache, na vidonge hubaki kwenye boksi lake.

Mfumo huohuo ndio unaoongoza joto la mwili. Chini ya jeraha la juu hakuna jasho la kupoza wala mtetemo wa kuleta joto. Mgonjwa huyohuyo anaweza kuungua na joto la Januari mjini Moshi, kisha akapoa hatari usiku wa Julai huko juu Marangu. Kwa miguu isiyo na hisia, jiko la mkaa na chupa ya maji ya moto ni vitu vya kuogopwa. Kuhusu vidonda vya mgandamizo, ambavyo katika majalada yale ya KCMC vilikuwa tatizo lililojitokeza zaidi ya mengine, maneno machache yanatosha kwa kuwa kila muuguzi anayajua: kugeuzwa kila saa mbili kitandani, kujiinua mara kwa mara akiwa kwenye kiti mwendo, kukagua ngozi kwa kioo kila jioni. Kinachokosekana mara nyingi si ujuzi bali mikono.

Kuna swali ambalo wanaume huliuliza wakati mlango umefungwa, au hawaliulizi kabisa. Katika majeraha ya juu, ncha ya ugwe ikiwa salama, uume unaweza kusimama kwa kuguswa ingawa hauitikii fikra. Dawa za kusaidia zipo, na ziandikwe na daktari anayejua jeraha. Kwa wanawake, hedhi ikisimama kwa kawaida hurejea ndani ya miezi kadhaa, na uwezo wa kushika mimba hubaki. Mwanamke aliyeketi kwenye kiti mwendo ana haki ya kuhudhuria kliniki ya wajawazito bila kutazamwa kama kioja.

Ujauzito wake, hata hivyo, unahitaji mpango wa mapema. Uchungu anaweza asiusikie, na mkazo wa mfuko wa uzazi unaweza kuamsha disrefleksia inayofanana mno na kifafa cha mimba. Tofauti huonekana kwa mwenye kupima bila kuchoka: katika disrefleksia shinikizo hupanda na mkazo na kushuka mkazo ukiachia, mara nyingi mapigo ya moyo yakiwa ya taratibu. Yote mawili yanaweza kuwapo kwa pamoja, kwa hiyo mkojo upimwe protini vilevile. Ganzi ya mgongoni huikata habari kabla haijafika kwenye ugwe, nayo ndiyo tiba bora. Hivyo ajifungulie palipo na mtaalamu wa ganzi. Ergometrini iepukwe.

Kila mgonjwa mwenye jeraha la juu anapaswa kutoka wodini na kadi yenye mistari minne: usawa wa jeraha, shinikizo lake la kawaida akiwa ameketi, aina na namba ya mpira anaoutumia, na maneno "mketishe, kagua kibofu". Kadi ikae kwenye mfuko wa kiti mwendo pamoja na mpira mmoja wa akiba. Nakala ya pili ibaki kwenye zahanati ya kijiji, ndani ya droo ambayo muuguzi wa zamu ya usiku anaijua.